Sanadi ya Ushahidi: Somo Juu ya Amana ya Karani wa Mahakama



Mara nyingi, tunapousoma mlango wa hukumu katika darasa letu, mazungumzo huwa ni juu ya watu wawili: kadhi anayehukumu na shahidi anayeshuhudia. Huulizwa kadhi awe na sifa gani, na uadilifu wa shahidi ujulikane vipi. Hayo ni mambo makubwa, nasi hatuyapunguzi. Walakini yuko mtu wa tatu ambaye hatumtaji, naye yupo mahakamani kabla ya hakimu kuingia na baada ya hakimu kutoka. Mtu huyo ni karani. Yeye ndiye anayeipokea hati ya mjane, ndiye anayekirudisha kisu katika bahasha baada ya kuonyeshwa, ndiye anayeshika ufunguo wa kabati. Akiwa mwaminifu na mjuzi wa kazi yake, hapana atakayemkumbuka. Akizembea au akikhini, haki ya mtu hupotea, na huenda hakimu mwenyewe asijue imepotea wapi.

Somo letu la leo ni juu ya kazi ya mtu huyu. Tutaeleza ushahidi huhifadhiwa vipi mahakamani, wanavyuoni wa zamani waliitazama vipi kazi hiyo, sheria za nchi yetu zasemaje, na sisi watu wa mji yatupasa tufanye nini.

USHAHIDI NI WA NAMNA TATU

Ushahidi unaoletwa mbele ya hakimu ni wa namna tatu. Namna ya kwanza ni maneno ya shahidi, ambayo husemwa kwa ulimi na kuandikwa katika faili. Namna ya pili ni hati: cheti cha nikaha, hati ya shamba, barua, stakabadhi, wosia. Namna ya tatu ni vitu: kisu, nguo, simu, fedha, kifurushi cha unga, nyavu za uvuvi. Hati na vitu vinavyotolewa mahakamani kuthibitisha jambo huitwa vielelezo.

Baina ya maneno na vielelezo kuna tofauti moja ambayo ni lazima tuifahamu. Shahidi ana ulimi. Akisimama kizimbani aweza kuulizwa: wewe nani, ulikuwa wapi, na uliyaonaje uliyoyaona? Kisu hakina ulimi. Hakiwezi kusema: mimi ndimi niliyeokotwa penye damu, sikubadilishwa njiani. Hati nayo haiwezi kusema: ukurasa wangu wa pili ulichomolewa juzi. Basi kielelezo husemewa na watu waliokishika, mmoja baada ya mmoja, tangu siku kilipopatikana mpaka siku hakimu anapokitazama.

KIELELEZO NACHO KINA SANADI

Sisi wanafunzi wa dini hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Wanavyuoni wa hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza: nani amekupokeza, naye amepokea kwa nani? Silsila ikiwa imeungana na wapokezi wake ni waaminifu na wenye hifadhi, hadithi ilikubaliwa. Silsila ikikatika mahali pamoja tu, au akiingia mtu asiyejulikana, waliiita dhaifu, hata kama maana yake inapendeza.

Kielelezo cha mahakamani nacho kina sanadi yake, na karani ni mmoja wa wapokezi.

Tuchukue mfano. Askari amemkamata mtu Mombasa na kifurushi cha unga unaodhaniwa kuwa ni heroini. Yampasa askari yule akitie alama, aandike siku, saa na mahali, na akifunge. Kituoni humkabidhi mwenye ghala ya vielelezo, naye hukiandika katika daftari lake. Kutoka hapo hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali pamoja na karatasi ya maelezo. Mkemia hukifungua, hukipima, huchukua kidogo cha kuchunguza, hukifunga tena na kutia sahihi. Kisha hurudishwa ghalani. Siku ya kesi huletwa mahakamani, shahidi akakitambua, na hakimu akakipokea. Kuanzia hapo kimeingia katika mikono ya mahakama.

Hesabu mikono hiyo: si chini ya mitano. Ikiwa kila mmoja ameandika alichopokea, kwa nani na lini, sanadi imeungana. Walakini ikiwa kifurushi kilikaa siku tatu katika mtoto wa meza usiofungwa, au uzani wa mkemia hauwafikiani na uzani wa kituoni na hapana aliyeeleza sababu, wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu: kililala wapi? Asipopata jawabu, shaka imeingia, na katika kesi za jinai shaka humfaa mshtakiwa. Wala hili si jambo la kizungu peke yake, kwani fiqhi yetu nayo ina kanuni mashuhuri ya kwamba adhabu za hudud huondoshwa kwa shubuha.

Basi mwenye hatia aweza kutoka akicheka kwa sababu bahasha haikufungwa. Na lililo baya zaidi ni kinyume chake: asiye na hatia aweza kufungwa kwa kitu kilichotiwa katika bahasha ile na mkono usiojulikana. Sanadi iliyoungana humlinda mshtaki na mshtakiwa pamoja.

WANAVYUONI WA ZAMANI NA KABATI LA KADHI

Huenda ndugu mmoja akadhani mambo haya ya daftari na mihuri tumeletewa na serikali za kikoloni. Sivyo. Amri ya kuandika deni na kumtaka mwandishi aandike kwa uadilifu imo katika Qurani, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote. Na mwanahistoria al-Kindi ameeleza khabari ya Sulaym bin Itr, aliyekuwa kadhi wa Misri katika zama za Muawiya, ya kwamba watu waligombana mbele yake juu ya mirathi, akawahukumia; kisha wakakanushana na kumrudia. Akawahukumia tena, na mara hii akaiandika hukumu na kuishuhudisha. Akahesabiwa kuwa ni kadhi wa kwanza wa Misri kuziweka hukumu zake katika maandishi. Sababu ni ile ile tunayoijua mitaani kwetu: maneno bila ya maandishi hugeuzwa.

Tuutazame na Minhaji wa Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijria, yaani 1277. Kitabu hiki ni katika vitabu mashuhuri vya madhehebu yetu ya Shafii, na pwani yote hii yajulikana nafasi yake. Katika mlango wa hukumu yametajwa mambo matatu yanayolihusu somo letu.

La kwanza, mwandishi wa kadhi ametiliwa sharti awe mwadilifu na ajue kuandika mahudhurio ya kesi na hukumu. Kisha imependezwa awe na fiqhi, akili nyingi na hati nzuri ya mkono. Tazameni: uadilifu ni sharti, na uzuri wa mwandiko ni pendekezo. Sisi leo pengine tumegeuza.

La pili, imependezwa maandishi yawe nakala mbili: moja apewe mwenye haki, na ya pili ihifadhiwe katika diwani ya hukumu. Kwa hivyo mtu akiipoteza yake, ya mahakama ipo. Na ya mahakama ikichezewa, ya mtu ipo.

La tatu ndilo lenye mafunzo makubwa zaidi. Kadhi akiona karatasi iliyo na hukumu yake mwenyewe, asiifuate mpaka aikumbuke hukumu ile. Mwandiko ni wake, jina ni lake, walakini haitoshi. Kisha ikatajwa kauli nyingine ndani ya madhehebu juu ya karatasi iliyohifadhiwa kwake. Kauli hiyo si ndiyo yenye nguvu, lakini msingi wake wafaa tuuangalie sana: karatasi iliyolindwa haifanani na karatasi iliyozagaa. Wanavyuoni wale waliitazama karatasi, kisha wakauliza ilikuwa imekaa wapi.

Na katika Hidaya ya al-Marghinani, ambayo ni kitabu cha Wahanafi, imeelezwa jinsi kadhi mpya anavyoipokea diwani ya kadhi aliyeondoka. Hutuma waaminifu wawili, wakapokea mbele ya aliyeondoka au mwaminifu wake, wakamuuliza juu ya kitu kimoja kimoja, na kila namna ya karatasi wakaitia katika mfuko wake mbali ili zisichanganyike. Hata ikiwa karatasi zile zilinunuliwa kwa mali ya kadhi aliyeondoka, hana ruhusa ya kwenda nazo, kwa sababu zilikuwa mikononi mwake kwa ajili ya haki za watu. Huu ndio msingi wa amana ya karani: kilichomo kabatini si chake, wala si cha hakimu, ni cha wenye haki.

KAZI YA KARANI HATUA KWA HATUA

Sasa tuje kwenye mahakama zetu za leo, tueleze kazi ilivyo na inavyopasa kuwa.

Hatua ya kwanza ni kupokea. Karani hapokei kitu kwa kuambiwa tu. Hukitazama, hukihesabu, na hukilinganisha na orodha. Fedha zihesabiwe mbele ya mtu wa pili. Hati ihesabiwe kurasa zake. Bahasha ikija imechanika, aandike kwamba imekuja imechanika. Asipoandika, mchaniko ule umekuwa wake.

Hatua ya pili ni kutia alama. Hapa wengi wetu hukosea tunaposikia maneno ya mahakamani. Kitu kikionyeshwa na shahidi ambaye si yeye wa kukithibitisha, hutiwa alama ya utambulisho tu, kikangoja. Akija shahidi anayefaa akakitoa, na hakimu akakubali, ndipo huwa kielelezo na kupewa nambari, kama kielelezo cha kwanza cha upande wa mashtaka, au cha kwanza cha upande wa utetezi. Kitu chenye alama ya utambulisho peke yake hakijawa ushahidi. Karani akizichanganya alama hizi mbili, aweza kumpotosha hakimu wa rufani ambaye hakuwapo siku ile, naye hana illa karatasi.

Alama nayo ina adabu yake. Haitiwi juu ya maandishi ya hati, wala hati haitobolewi penye sahihi au muhuri. Kitu kidogo hutiwa katika bahasha, na alama ikawekwa juu ya bahasha kwa kidani au karatasi ya kugandisha.

Hatua ya tatu ni daftari. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika daftari la vielelezo huandikwa nambari ya kesi, majina ya pande mbili, kitu chenyewe kwa sifa zake, siku kilipopokewa, nani amekileta, kimewekwa wapi, na sahihi. Na sifa ziwe sifa. Kuandika "simu moja" si sifa. Sifa ni kutaja rangi, namna, nambari yake ya kiwandani na ufa ulioko pembeni, hata mtu asiyekuwapo aweze kuitambua katikati ya simu ishirini.

Hatua ya nne ni kuhifadhi. Chumba kiwe na kufuli, na wanaoshika ufunguo wajulikane kwa majina. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, sura ya 75, katika kifungu cha 121, imeruhusu kitu kilichokamatwa katika upekuzi na kuletwa mahakamani kizuiliwe mpaka kesi au uchunguzi umalizike, na ikataka kiangaliwe kwa uangalifu wa kutosha kisiharibike. Basi uangalifu si hisani ya karani kwa watu. Ni amri ya sheria.

Hatua ya tano ni kutoa na kurudisha. Kila kielelezo kinapotoka chumbani, kikaenda mbele ya hakimu, au kwa mtaalamu, au mahakama ya juu, huandikwa kimetoka lini, kwa amri ya nani, na kimerudi lini. Wakili au mwenye kesi akitaka kukitazama, hukitazama karani akiwapo. Hapana kuazimana vielelezo kwa ujamaa.

Hatua ya sita ni mwisho wa kesi. Hukumu ikisomwa, kazi ya karani bado haijesha. Rufani ikikatwa, vielelezo vyaweza kuzuiliwa mpaka rufani imalizike. Isipokatwa, hutolewa amri: hiki arudishiwe mwenyewe, hiki kiangamizwe, hiki kichukuliwe na serikali. Karani hufuata amri iliyoandikwa, humpa mtu haki yake, naye mtu hutia sahihi kwamba amepokea. Na anayekiondoa au kukiharibu kitu kwa makusudi, naye ajua chahitajiwa kuwa ushahidi, akikusudia kisitumike, amefanya kosa la jinai chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Adhabu.

KILA KITU NA DAWA YAKE

Si vielelezo vyote hukaa namna moja. Nguo yenye damu ikitiwa mbichi ndani ya mfuko wa plastiki, huoza na kuota kuvu, na alama zake zikaharibika. Hukaushwa kwanza, kisha ikatiwa katika karatasi. Bunduki hukaguliwa kwamba haina risasi, na kwa kawaida hurudishwa kwa polisi kuhifadhiwa hata baada ya kuonyeshwa. Samaki hawawezi kungoja kesi ya miezi sita. Hupigwa picha na kupimwa, kisha hakimu akaamuru wauzwe au watupwe, na yaliyobakia yakawa ni picha, maandishi na fedha. Simu yaweza kufutwa kutoka mbali na mtu asiyeonekana, kwa hivyo hukatiwa mtandao tangu inapokamatwa.

Nasi watu wa pwani tuna maadui zetu makhsusi: unyevu, chumvi ya bahari, mchwa na panya. Karatasi iliyowekwa sakafuni katika chumba kisichopita hewa haifiki mbali. Rafu iwe juu ya ardhi na mbali na ukuta wenye maji. Jambo hili halihitaji elimu kubwa, lahitaji mtu anayejali.

Madawa ya kulevya yana hukumu ya peke yake, kwa sababu kuyaweka ni khatari na thamani yake humtia mlinzi katika mtihani. Sheria ya nchi imeweka utaratibu wa kuyapima yote na kuchukua sampuli mbele ya hakimu na mtaalamu, na inapowezekana mbele ya mshtakiwa na wakili wake, kikaandikwa cheti. Kisha hakimu aweza kuamuru yaliyobakia yaangamizwe kabla ya kesi kwisha. Wengi wetu twakumbuka mwaka 2014. Mwezi wa Julai ilikamatwa meli iliyokuwa na heroini, na mwisho wa Agosti ikalipuliwa baharini nje ya Mombasa, hali kesi ya waliokamatwa nayo ingali mahakamani. Watu walisema mengi: wengine walifurahi, wengine wakauliza ushahidi umebakia nini. Sisi hatuingii katika ugomvi huo. Twasema tu kwamba chombo kikishazama, hapana kinachosimama mbele ya hakimu illa sampuli, picha, vyeti na daftari. Kadiri kitu kinavyoondoka upesi, ndivyo maandishi yake yanavyopaswa kuwa safi zaidi.

Na zama hizi umezuka ushahidi usioshikika kwa mkono: ujumbe wa simu, picha za kamera, hesabu za tarakilishi. Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, ikaongezewa mwaka 2009 kifungu cha 106B, chenye kutaka pamoja na mambo mengine cheti cha mtu mwenye dhamana, aeleze maandishi yale yametoka katika chombo gani na kwa njia gani. Ukitazama vizuri utaona ni sanadi ile ile. Vivyo hivyo kuwasilisha kesi kwa mtandao, kulikoanza Nairobi mwaka 2020 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2024, kumepunguza karatasi za kupotea, lakini hakukuondoa kisu wala nguo wala hati ya asili iliyo na kidole gumba cha marehemu. Hivyo vyataka kabati bado, na kabati lataka mwaminifu.

MAHAKAMA YA KADHI

Baadhi ya watu hudhani kwamba mambo haya ni ya kesi za wizi na mauaji, na kwamba kwa kadhi huendwa kwa maneno tu. Hilo ni kosa. Kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, kadhi huamua mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaoikubali mahakama yake. Na ni mambo gani yenye hati nyingi kuliko haya? Cheti cha nikaha, karatasi ya talaka, cheti cha kifo, wosia, hati ya nyumba. Ni kweli kwamba Sheria ya Ushahidi ya sura ya 80 haifuatwi katika mahakama ya kadhi; Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967 imesema zifuatwe kanuni za ushahidi za sharia ya Kiislamu, kwa sharti mashahidi wote wasikilizwe bila ya ubaguzi wa dini wala jinsia. Walakini tumekwisha kuona kwamba sharia hiyo ndiyo iliyotangulia kuuliza karatasi ililala wapi. Basi karani wa kadhi hakupunguziwa amana. Ameongezewa.

Tumfikirie mjane ambaye mumewe alimwandikia mahari iliyobakia katika karatasi moja tu. Ameitoa sandukuni, akaipeleka, akaambiwa iache hapo mama. Hakupewa stakabadhi. Mwaka ukapita, faili likahamishwa chumba, na karatasi haionekani. Warithi wengine wanakanusha. Mwanamke huyu hakushindwa kwa hoja, wala kadhi hakumdhulumu. Ameshindwa baina ya meza na kabati.

SHAKA NA MAJIBU

Huenda akatokea mtu akasema: karani ni mtumishi mdogo, mshahara wake ni haba, kwa nini mwamtwisha mzigo huu? Twamjibu: udogo wa cheo haupunguzi ukubwa wa amana. Mlinzi wa ghala ni mdogo kuliko mwenye ghala, lakini mali yote i mkononi mwake. Na ikiwa mshahara hautoshi, au chumba hakina kufuli, au makarani ni wachache, basi ni juu ya wakubwa kuyatengeneza hayo, na ni juu yetu raia kuwadai wayatengeneze. Kumlaumu karani kwa kabati bovu ambalo amelilalamikia miaka mingi ni dhulma nyingine.

Mwingine atasema: lakini sote twajua kwamba mafaili hupotea kwa fedha na hupatikana kwa fedha. Twasema: ndiyo, nalo ni jambo la aibu. Walakini fedha hiyo hutoka mfukoni mwa nani? Karani hawezi kula rashwa isiyotolewa. Anayempa "chai" ili faili lake litangulie leo, amemfundisha kwamba faili la mwengine laweza kuzuiliwa kesho. Na rashwa imeharamishwa kwa mtoaji kama ilivyoharamishwa kwa mpokeaji.

Na wako wengine, jambo ambalo latusikitisha zaidi, ambao kesi ikikaribia hukimbilia kwa mganga. Hununua hirizi ya kumfunga hasimu mdomo, wakazika vitu mlangoni, wakatoa maelfu. Ukimuuliza mtu huyo: je, umechukua nakala iliyothibitishwa ya hati yako? hukwambia hana pesa. Subhanallah! Ada ya nakala haifiki hata sehemu ndogo ya aliyopewa mganga. Tumeamrishwa kuandika na kushuhudisha. Hatukuamrishwa kuzika hirizi.

YATUPASAYO SISI

Kwanza, tusitoe hati ya asili kabla ya kuwa na nakala yake iliyothibitishwa. Na ikiwa hati i katika ofisi ya serikali, nayo ni hati ya umma tuliyo na haki ya kuitazama, tuna haki ya kupewa nakala yake iliyothibitishwa kwa kulipa ada.

Pili, tukitoa kitu tudai stakabadhi, na tusione haya. Mwaminifu wa kweli hachukii kuandikiwa. Anayechukia kuandikiwa ndiye wa kutiliwa shaka.

Tatu, tuandike nambari ya kesi, siku, na jina la aliyepokea katika daftari letu la nyumbani, na tuwaonyeshe wanetu mahali lilipo.

Nne, kielelezo kinapotolewa tusikilize kama kimetiwa alama ya utambulisho tu au kimekubaliwa kuwa kielelezo, na tukiwa hatukufahamu tuulize kwa adabu.

Tano, hati zetu tusizigandishe katika plastiki, tusizikunje penye muhuri, wala tusizichome pini. Mtaalamu wa sahihi hutazama karatasi yenyewe, na karatasi iliyofungwa milele katika plastiki haimwonyeshi yote.

Sita, kesi ikisha tufuatilie vitu vyetu. Wengi hushinda kesi wakasahau hati zao kabatini, mpaka zikawa chakula cha mchwa.

Na kwa vijana wetu wanaoajiriwa katika masjala za mahakama tuna neno moja. Msidharau kazi hii. Siku mtakapofunga bahasha kwa lakiri, mkatia sahihi na saa, hapana atakayewapigia makofi. Lakini huenda baada ya miaka mitano mtu msiyemjua akaachiliwa kutoka gerezani, au yatima akarudishiwa nyumba ya babake, kwa sababu ya mstari mmoja mlioandika vizuri katika daftari.

MASWALI YA KURUDIA DARASANI

1. Kuna tofauti gani baina ya kitu kilichotiwa alama ya utambulisho na kitu kilichokubaliwa kuwa kielelezo?
2. Kwa nini kadhi hakuruhusiwa kuufuata mwandiko wake mwenyewe mpaka akumbuke, na kauli ya pili imetofautishaje karatasi iliyohifadhiwa?
3. Karani mpya amepokea ufunguo kutoka kwa aliyeondoka. Kwa kufuata utaratibu wa Hidaya, afanye nini kabla ya kutia sahihi?
4. Kila mmoja wetu aitazame sandukuni hati yake iliyo kubwa kuliko zote. Nakala yake i wapi, na nani mwengine ajua?

Swali hili la nne halijibiwi darasani. Lajibiwa nyumbani, usiku huu huu, kabla ya kulala.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kutekeleza amana kwa wenyewe. Wassalamu alaykum.